Taa Zangu Zinamulika Kushoto, Barabara ya Kigali Iko Kulia

Ukivuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda, mambo mengi yanabadilika ndani ya mita chache. Saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Shilingi inakuwa faranga. Barabara nayo inahama: uliyekuwa ukiendesha kushoto tangu Kahama, ukishamaliza daraja unaendesha kulia, na hilo kila dereva analijua hata kabla hajafika. Habari ya taa huisikii. Gari lililotengenezwa kwa barabara za kushoto linaingia Rwanda na taa zake zilezile, na likikutwa na giza kabla ya mji wa Kayonza linafanya madhara mawili kwa mpigo. Linamchoma macho anayekuja mbele, na linamwacha gizani mtu anayetembea ubavuni mwako.

Hili la pili ndilo lililonifanya niandike. La kwanza watu wanalijua kidogo, kwa sababu ukimchoma mtu macho atakupigia fuli, zile taa kali za kumulika mbali, na utaelewa kuna jambo. Mama anayetoka sokoni na ndoo kichwani, akitembea pembeni upande wako, hana taa ya kukujibu.

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele. Nanunua Kahama na vijiji vya jirani, nauza Kigali. Mzigo mkubwa unapakiwa kwenye semi, lori lenye tela, mimi natangulia au nafuata na Hilux yangu, nyuma nikiwa na magunia ya wateja wadogo. Kutoka Kahama hadi mpakani ni karibu kilomita 300, kupitia Ushirombo, Lusahunga na Nyakasanza. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kilomita kama 160. Safari zangu za mwanzo nilikuwa navuka asubuhi, kwa hiyo taa hazikuwa na kazi. Ila biashara ya mpakani haikupangii saa. Karatasi zikichelewa, jua linazama ukiwa bado kwenye foleni ya forodha, tena Rwanda giza linaingia saa kumi na mbili jioni kwa saa zao, wakati saa yako ya Kahama inasoma saa moja.

Aliyenifundisha habari ya taa ni mzee mmoja wa semi, mtu wa Tanga, tuliyekutana Benako, kituo cha mwisho cha maana kabla ya mpaka. Malori yanalala pale kwa wingi. Mzee yule alikuwa amefanya njia ya Kigali na Bujumbura miaka mingi, na kabla ya hapo Lubumbashi. Nilikuwa nakagua matairi, jua linashuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Unavuka leo?"

"Navuka sasa hivi, nataka nikalale Kigali."

"Na taa umezifanyaje?"

Nikamwambia ziko vizuri, balbu nimebadilisha juzi tu.

"Sikuulizi kama zinawaka," akasema. "Nakuuliza zinamulika upande gani."

Akanisogeza hadi kwenye stoo moja yenye ukuta mweupe, akaniambia nisimamishe gari likiangalia ukuta, mita tano hivi, mahali tambarare, halafu niwashe dimu, yaani taa za chini za kupishana. Kwa kuwa kiza kilikuwa kimeanza, kila kitu kilionekana. Upande wa kulia mwanga ulikuwa umekatwa chini, umenyooka. Ulipofika katikati ukaanza kupanda kuelekea kushoto, kama paa la banda lenye mteremko mmoja. Nimeendesha gari miaka mingi na sikuwahi kuiona dimu ikiwa imechorwa ukutani namna ile.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, na baadaye mafundi umeme wa magari wamenithibitishia. Dimu haimuliki sawa pande zote, imetengenezwa makusudi iwe hivyo. Upande wa anayekuja mbele unakatwa chini ili mwanga usimfike machoni. Upande wa pembezoni unapandishwa kwa nyuzi kama 15 ili uone mbali: mtaro, vibao, ng'ombe, baiskeli isiyo na taa, mtu. Gari la nchi za kushoto, yaani Japani, Uingereza, Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, linapandisha mwanga kushoto. Gari la nchi za kulia linapandisha kulia. Fuli yenyewe haina upande, inamulika mbele moja kwa moja, lakini huwezi kupishana na mtu ukiwa na fuli.

"Sasa vuka na hiyo dimu," mzee akasema, akiweka kidole kwenye ule mteremko ukutani. "Hapa ndipo atakapokuwa Mnyarwanda anayekuja. Na huku kulia, mahali mwanga umelala chini, ndiko waliko wanaotembea."

Akamwita utingo wake alete boksi la sabuni, akachana kipande cha ukubwa wa kiganja. Hapa nieleze taratibu, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Taa moja inazibwa, tulisimamisha ubao mbele yake, usiutumie mfuko wa nailoni maana taa ya halojeni, ile ya balbu yenye waya mdogo ndani, ina joto la kuuyeyusha. Kwenye taa iliyobaki unapitisha kile kipande cha boksi juu ya kioo, pole pole, huku mwenzako anaangalia ukuta wala haangalii taa. Ukifunika mahali pasipohusika, mwanga wa ukutani unafifia kidogo lakini mteremko unabaki palepale. Unasogeza tena. Ukifika penyewe, mteremko unatoweka, mstari unabaki umenyooka kutoka kulia hadi kushoto. Utingo akapiga kelele, "Hapo hapo!" Mzee akapazungushia chaki, akakata tepu nyeusi ya umeme vipande, akabandika sambamba mpaka pakafunikwa. Kisha taa ya pili vilevile.

Nilipenda kwamba njia hii haihitaji kujua aina ya gari wala kukariri mchoro. Taa za zamani zenye kioo kizito chenye mistari, mara nyingi sehemu ya kufunika unaiona kwa macho, ina umbo la pembetatu na mistari yake inalala tofauti na mingine. Taa za siku hizi zenye kioo cheupe cha plastiki hazina alama, kazi ya kuupandisha mwanga inafanywa na rifleta, lile bakuli linalong'aa lililo ndani, hivyo bila ukuta utakuwa unabahatisha.

Kuna gari ambalo tepu haitalisaidia. Ni lile lenye taa za projekta, zile zenye jicho la duara kama lenzi ya kamera. Humo umbo la mwanga linakatwa na kibati kilicho ndani, nyuma ya lenzi, na kila sehemu ya lenzi inatoa picha nzima. Ukibandika tepu unapunguza mwanga tu, mteremko unabaki. Kwa gari kama hilo soma kitabu chake. Baadhi, hasa ya Ulaya, yana kijiti kidogo nyuma ya taa unachokisukuma ukifungua boneti, na mengine yana sehemu kwenye menyu ya dashibodi ya kuchagua kulia au kushoto. Kama hayana chochote, basi unashusha taa na kupunguza mwendo, au unavuka mchana.

Kushusha taa ni jambo la peke yake na kwangu lina uzito, kwa sababu ya magunia. Hilux ikipakiwa nyuma, pua inanyanyuka na taa zinanyanyuka nayo. Kuna kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba, sifuri ndiyo juu kabisa, na kadiri namba inavyoongezeka taa zinashuka. Watu wengi hawajawahi kukigusa tangu wanunue gari. Pale ukutani mzee alipima kimo cha katikati ya taa kwa fimbo, akaweka alama ukutani kimo hicho hicho, akaniambia nizungushe mpaka mstari wa mwanga ukae chini ya alama, upana wa vidole vitatu hivi. Kwa mita tano inafaa iwe sentimita 5 hadi 7 chini. Ndiyo maana ukuta unapimwa gari likiwa na mzigo wake, na matairi yamejaa upepo. Ukipima gari tupu halafu ukapakia, kazi yote imeharibika.

Kigurudumu hakiondoi mteremko. Kinaushusha tu. Nimekutana na madereva wanaosema wakishusha taa hadi mwisho hawana haja ya tepu. Anayekuja mbele anapata nafuu, ni kweli, lakini wewe unabaki unaona mita chache mbele ya bampa, na barabara ya milima inataka uone.

Nilivuka jioni ile na tepu zangu. Kivuko chenyewe hakina shida siku hizi. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa na marais wa nchi zote mbili mwaka 2016, vimepunguza sana taabu. Unakaguliwa mara moja, unaonyesha Kadi ya Njano ya bima, kibali cha gari, unaondoka.

Kisha barabara inaanza kupanda, na hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho mzee hakukisema kwa maneno. Tepu inamwokoa mwenzako. Wewe haikupi mwanga wowote mpya. Ule mteremko wa kushoto umeufunika, lakini wa kulia haujaota. Kwa hiyo pembeni yako, upande wa kulia, unaona karibu tu. Na Rwanda watu wanatembea. Kuanzia Kirehe hadi Ngoma, mpaka Kabarondo, karibu kila kona kuna watu: wanafunzi, vijana wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi, wazee waliovaa koti jeusi. Wanatembea kwa utaratibu, pembeni kabisa, lakini bega la barabara sehemu nyingine ni jembamba na nguo nyeusi haiakisi kitu. Na mimi usukani wangu uko kulia, kwa hiyo nimekaa upande uleule wanaotembea wao. Nilimwona kijana mmoja na baiskeli yake wakati tayari yuko usawa wa taa. Nilikuwa na mwendo mdogo, nikampita kwa nafasi. Lakini niliuona mkono wake kwenye usukani wa baiskeli, kitambaa chekundu alichokifunga kwenye kiwiko, na kopo la plastiki lililoning'inia, vyote mara moja, kana kwamba ametokea ardhini.

Baada ya hapo nikaanza kupiga hesabu ambayo kila dereva anapaswa kuwa nayo kichwani. Gari likiwa na mwendo wa 80 linakata mita 22 kila sekunde. Sekunde moja inaisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Ukienda 50 ni mita 14. Kama pembezoni unaona mita 30 na ushee, basi 80 ni mwendo wa kumwona mtu na kumgonga. Tangu hapo, usiku upande ule nakwenda 50, na wenye haraka wapite. Kwenye sehemu isiyo na mtu mbele nawasha fuli, nikiona mwanga wa anayekuja ukichungulia nyuma ya kona nashusha mapema, simsubiri atokeze.

Na kupita gari jingine usiku, usukani ukiwa kulia na barabara ikiwa kulia, mimi siendi. Nitafuata lori hadi Kayonza. Ili kuona mbele yake inabidi gari lote litoke nje ya mstari, na ukitoka namna hiyo, taa zako zote mbili ziko usoni kwa anayekuja, tepu au bila tepu.

Bujumbura nilijifunza upande mwingine wa jambo hilihili. Nilikwenda kupitia Kabanga na Kobero, kutafuta soko. Burundi wanaendesha kulia kama Rwanda, lakini magari mengi madogo ni ya Japani, usukani kulia, Probox na Corolla zilizopitia bandari ya Dar es Salaam. Nikiwa abiria kwenye teksi usiku, nilishangaa jinsi madereva wanavyopigiana fuli bila kukoma. Dereva wangu alidhani wote ni wakorofi. Nikatazama taa za waliokuwa wanakuja, nikaona ni dimu, wameshusha kabisa, ila kila gari mwanga wake umepandishwa upande wa kushoto kwao, yaani machoni kwetu. Gari la namna hiyo haliko safarini siku mbili tatu, linaishi pale. Tepu kwa gari la hivyo ni dawa ya kutuliza. Linahitaji taa za nchi za kulia, zote mbili zibadilishwe. Najua ni gharama, najua mtu amenunua Probox ili alishe watoto. Hata hivyo nasema, kwa sababu watu wanaogongwa pembeni usiku nao wana watoto.

Huku kwetu pia linatupata, kinyumenyume. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yenye usukani kushoto yanashuka hadi bandarini Dar es Salaam, na dimu zao zinapanda kulia, upande unaokuja wewe. Ukipishana nalo karibu na Nzega usiku ukahisi amekuwashia fuli, huenda hajawasha. Kumjibu kwa fuli hakusaidii, mnakuwa vipofu wawili. Punguza, tazama ukingo wa kushoto wa barabara, mpite.

Sehemu za kubadilisha upande ni nyingi kuliko tunavyodhani. Rusumo na Kabanga kwetu. Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda. Mpondwe na Kasindi, kati ya Uganda na Kongo. Kasumbalesa, kwa wanaotoka Zambia kwenda Lubumbashi. Elegu na Nimule kuingia Sudan Kusini. Moyale kuingia Ethiopia. Anayevuka Mutukula, Namanga, Sirari au Tunduma hana habari, kushoto kwa kushoto. Goma na Gisenyi pia hakuna shida, kulia kwa kulia.

Wenzetu wa Ulaya wamelizoea jambo hili. Mwingereza anayevuka bahari kwenda Ufaransa ananunua stika maalumu za kubandika kwenye taa, ziko madukani. Uswidi, ambayo nchi nzima ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, ilibidi ishughulikie taa za magari yote. Kuna taa ziliuzwa mapema zikiwa tayari za upande mpya, na sehemu ya kioo imefunikwa kwa karatasi ya gundi iliyoandikwa isiondolewe kabla ya siku hiyo. Niliposoma hilo nilimkumbuka mzee wa Benako na tepu yake. Ni ufundi uleule.

Kama unataka kujua taa yako ni ya upande gani bila ukuta, inama uangalie kioo. Taa zilizopitishwa kwa kanuni za Ulaya zina herufi E ndani ya duara, na karibu yake huenda kuna mshale mdogo. Mshale unaoelekea kulia kwako wewe unayeitazama taa kwa mbele maana yake ni taa ya nchi za kushoto. Mshale wenye ncha mbili ni taa inayoweza kurekebishwa pande zote. Pasipo mshale, ni ya nchi za kulia. Magari mengi tunayoagiza yakiwa yametumika Japani hayana alama hiyo, na hayo karibu yote yanamulika kushoto.

Neno moja kuhusu balbu za LED zinazouzwa barabarani, zile mtu anachomoa halojeni na kuchomeka. Zinawaka sana na kila mtu anazitaka. Lakini rifleta ya taa ya halojeni imepigiwa hesabu kwa waya mdogo unaokaa mahali pamoja. Ukiweka kitu kingine, mwanga unatawanyika, na ukutani huoni tena mstari wala mteremko, unaona wingu. Nimemwona kijana akijaribu kutafuta sehemu ya kubandika tepu kwenye gari la namna hiyo. Akahangaika na boksi robo saa, hakupata, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukata. Nilimshauri arudishe halojeni zake kwanza. Alikuwa nazo ndani ya droo ya gari, akarudisha palepale, na kipande cha boksi kikafanya kazi.

Sasa kwenye gari langu kuna boksi dogo: tepu nyeusi, mkasi, chaki, kitambaa, na vipande viwili vya plastiki laini nilivyokata kwa umbo la sehemu zangu baada ya kupajua, ili nisianze upya kila mara. Kabla ya kubandika nafuta kioo, kwa sababu vumbi la Lusahunga halishiki gundi. Wenzangu wa mchele nawafanyia wakiniomba, tukiwa Benako, kwenye ukuta uleule wa stoo kama mwenyewe yupo na ameruhusu. Ningependa sana pale Rusumo, kwenye uwanja wa kuegesha, pawe na ukuta uliopakwa chokaa wenye mstari wa kimo na mstari wa mita tano chini. Rangi ya kopo moja ingetosha.

Wakati wa kurudi ni lazima kubandua, na hapa wengi wanasahau kwa kuwa wamechoka na nyumbani kumekaribia. Ukiacha tepu, unaingia Tanzania ukiwa huna mwanga wa kushoto, na kushoto ndiko waliko sasa watu wako, baiskeli za mkaa na ng'ombe wanaorudishwa jioni. Nabandua nikishavuka tu, taa zikiwa zimezimwa na zimepoa, kwa sababu gundi ikikaa kwenye joto siku nyingi inang'ang'ania na kuacha ukungu kwenye plastiki. Gundi iliyobaki naitoa kwa mafuta kidogo ya kupikia, kisha maji ya sabuni. Petroli situmii, inaharibu kioo cha plastiki. Mwisho narudisha kigurudumu sifuri, maana magunia yameshuka.